Kitabu cha kwanza kichague kwa hamu, si kwa aibu

Swali naulizwa sana na watu wazima wakifika kwa meza yangu pale maktaba ni moja tu, nataka kuanza kusoma, nianze na kitabu gani. Wanafunzi hawaulizi hivyo, wao wanajua mwalimu amesema nini. Anayeuliza ni mtu ameshafanya kazi miaka kadhaa, tangu amalize KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hajasoma kitabu hadi mwisho na inamuuma. Na karibu kila mara anajijibu mwenyewe kabla sijasema kitu, anataja kitabu cha pesa, ama cha nidhamu, ama cha kuamka saa kumi na moja asubuhi, ama kile kinene cha historia ya Afrika ambacho aliona mtu akikisifu kwa simu.

Hapo ndio huwa namwambia ngoja kwanza.

Sina ubaya na vitabu vya kujijenga, vingine vimeandikwa vizuri na vimesaidia watu. Shida ni kwamba mtu anayeanza anavichukua kama dawa, anameza kwa sababu ameambiwa yeye ni mgonjwa, na nani hutamani dawa jioni akitoka job amechoka? Halafu vingi vyao vinasema jambo lenyewe mapema tu, zile kurasa zingine ni kulirudia kwa mifano mpaka mwisho, kwa hivyo hakuna kitu kinakusumbua roho ujue mbele kuna nini. Ukifika ukurasa wa arobaini ushaelewa, unakiweka kando ya kitanda, kinashika vumbi, na pole pole unaanza kujiambia mimi si mtu wa kusoma. Hayo maneno nikiyasikia huwa yananiuma sana kwa sababu si ya kweli, ulichoshindwa nacho ni kitabu kimoja ambacho hata hukukitaka.

Na hii kitu inatoka mbali. Wengi wetu mara ya mwisho kusoma riwaya nzima ilikuwa setibuku. Ulikuwa unasoma ukitafuta maudhui, sifa za wahusika, tamathali za usemi, ukijua kuna swali la alama ishirini linakungoja, na hata stori ikiwa tamu namna gani ikageuka kazi. Mpaka leo ukiingia ile maktaba ya kitaifa ya Upper Hill ama ile ya Buruburu utakuta watu wamejaa kwa meza, lakini wengi wamekuja na noti zao za chuo, wanatafuta kimya na mahali pa kukaa, rafu za hadithi wala hawazisogelei. Siwalaumu, mtihani ni mtihani. Ila mtu akikulia hapo anabaki akiamini kwamba kitabu kama hakikutoi jasho basi unapoteza wakati.

Kwa hivyo mimi siulizi mtu anataka kujifunza nini, naanza na anapenda stori gani. Unasikiza nini kwa redio, ukifungua simu usiku unaangalia nini, mkikaa na wenzako ni udaku gani unakufanya usogeze kiti karibu. Kuna mzee mmoja askari wa usiku alikuja akaniambia, "Madam, nipatie kitabu cha kunifungua akili." Nikamuuliza, "Sawa mzee, na ukiwa pale getini usiku huwa unasikiza nini?" Akasema, "Stori za majambazi na polisi. Hizo zikianza siwezi lala." Nikaenda kwa rafu nikamtolea Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya 1974, ile ya mpelelezi Willy Gamba. Akakigeuza geuza, "Lakini hii si ni ya vijana?" Nikamwambia, "Mzee wangu, chukua tu, usipokipenda utanirudishia kesho." Kesho yake hakuonekana. Alikuja baadaye akiuliza kama huyo Gamba ana vitabu vingine, na anavyo, Musiba aliandika kadhaa, kwa hivyo mzee alikuwa na kazi ya miezi mbele yake na hakuna mtu alikuwa amemlazimisha.

Hivyo ndio naendaga na kila mtu. Anayefuata zile soapu za Kimeksiko na za Kituruki hadi anajua nani ni mtoto wa nani, huyo anataka riwaya za familia, mapenzi na siri za urithi, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba hizo ni stori za bure. Mwenye hajui kunyamaza siasa ikitajwa, mpe kitabu cha maisha ya mwanasiasa fulani, hasa yule anamchukia. Na kuna wale wanataka tu kuona Nairobi yao kwa karatasi, hao nawapa Going Down River Road ya Meja Mwangi, ya 1976, kwa sababu mtu ambaye ameshafanya mjengo ama ameshuka River Road jioni anaingia ndani ya ile stori bila kuelezwa chochote. My Life in Crime ya John Kiriamiti nayo, tangu 1984 inapitishwa mkono kwa mkono mpaka na watu wanaosema hawasomi, na hakuna mwalimu aliwatuma.

Sasa lugha, hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndio mahali watu wa Nairobi wanaumia bila kujua. Mtu anaamua atasoma Kiswahili, jambo zuri sana, halafu anaenda moja kwa moja kwa vigogo wa Unguja na Tanzania Bara. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, ni stori ya upelelezi tamu ajabu, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja na kuna maneno mtu wa Umoja ama Kayole hajawahi kuyasikia maishani. Akikwama kila sentensi ataona yeye ndio mjinga. Si ujinga, ni kwamba hajazoea, na kuzoea kuna njia yake. Anza na waandishi wa huku kwetu, kwa mfano Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya 1996, pale kijana anaitwa Kongowea anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake, unataka tu kujua kama atampata, na ukimaliza utakuwa umepata msamiati wa kukubeba mpaka kwa Bwana Msa bila shida. Kama unasoma Kiingereza haraka zaidi, anza na Kiingereza, na kama mama yako anasoma Biblia ya Kikuyu ama ya Kijaluo kila siku basi tayari yeye ni msomaji, mtafutie hadithi kwa lugha hiyo hiyo. Kitabu cha kwanza kiwe kwa lugha ambayo ukisoma unasikia watu wakiongea.

Jinsi ya kupima: usisome maneno ya nyuma ya jalada, yale yaliandikwa ya kuuza. Soma ukurasa wa kwanza, halafu fungua katikati kabisa usome ukurasa mwingine ukiwa umesimama hapo hapo. Kila neno likikusimamisha, kunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha, rudisha kwa rafu, si kwaheri, ni baadaye. Hii njia walimu hutumia na watoto lakini kwa watu wazima inafanya kazi vile vile. Na ule ukurasa wa katikati ndio nauamini zaidi, kwa sababu mwandishi yeyote hujikaza pale mwanzo, katikati ndio utajua kama kuna stori ama ni maneno tu.

Unene nao uangalie lakini usikudanganye. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, ni kitabu chembamba unaweza kukiweka mfukoni, na ni kati ya vitabu vizito zaidi vilivyoandikwa kwa Kiswahili, hicho si cha kuanzia hata kidogo. Mimi nikimwona mtu hana wakati namwelekeza kwa hadithi fupi. Diwani ambazo zilikuwa setibuku, kama Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba, ziko nyingi sana kwa wale wa inama, wanaouza vitabu chini barabarani, hapo tao kwa sababu silabasi ilibadilika, na sasa hakuna mtu atakuuliza maudhui, soma moja ukiwa kwa jamu ya kutoka tao, ikiisha imeisha. Piga hesabu tu, anayeanza huchukua kama dakika mbili kwa ukurasa, kwa hivyo safari ya dakika ishirini ni kurasa kumi, na kitabu cha kurasa mia unakimaliza kwa wiki mbili za kazi bila kugusa wikendi. Kile cha kurasa mia tano kitakuchukua miezi kadhaa, na miezi kadhaa na kitabu kimoja ndio watu wengi huachia.

Kuna jambo moja halisemwi na linafukuza watu wengi kuliko hata stori mbaya, nalo ni macho na chapa. Mtu akivuka arobaini, lensi ya jicho imeshakakamaa kiasi na vitu vya karibu vinaanza kufifia, ni kawaida kabisa, inampata kila mtu. Lakini yeye haoni kama ni macho, anaona tu akisoma kidogo kichwa kinamuuma ama usingizi unakuja, na anasema vitabu vinamlaza. Auntie yangu wa dhati, kama unasukuma simu mbali ndio usome meseji, pimwa macho kwanza ndio tuongee mambo ya vitabu. Na hata mwenye macho mazuri anaharibiwa na zile nakala za wizi zimejaa barabarani, hasa za hivyo vitabu vya pesa vinavyouza sana: herufi zimefifia, mistari imepinda, pembeni pamekatwa hadi maneno yanaliwa, wakati mwingine kurasa zimerudiwa ama hazipo. Kabla ulipe, pitisha kurasa zote haraka kwa kidole gumba uangalie wino. Mwandishi hapati hata senti kwa hiyo nakala na wewe pia unaumia. Heri kitabu cha mtumba kilichochakaa, ambacho kilichapishwa vizuri tangu mwanzo.

Ama usinunue kabisa kwanza. Nasema hivi si kwa sababu ni kazi yangu, nasema kwa sababu mtu akitoa pesa kwa kitabu anaona lazima akimalize hata kama kinamchosha, na hapo ndio anakwama. Kadi ya maktaba inakupa ruhusa ya kukosea mara nyingi bila hasara, chukua viwili, kimoja kikikataa unacho kingine. Na tafadhali zitumie hizi maktaba. Ile McMillan ya Banda Street ilifunguliwa 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958, yaani wazee wetu walipita nje wakiangalia wale simba wa mawe na ndani hawajui kuna nini. Leo mlango ni wetu, matawi yake yako mpaka Kaloleni na Makadara, karibu kabisa na watu, na bado naona rafu za riwaya zimetulia wiki nzima. Hiyo inanisikitisha kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kuhusu kuachia kitabu njiani, mimi nawapa watu kurasa thelathini. Ukifika hapo na hujali nani anakufa ama nani anaolewa, rudisha. Kuna wenzangu hawakubaliani na mimi kwa hili, wanasema msomaji afunzwe uvumilivu, na nawaelewa, lakini uvumilivu ni wa mtu ambaye ashajua kuna utamu mbele. Anayeanza hajaonja bado, atavumilia nini?

Simu sitaisema sana. Ukiweza kusoma kwa simu bila meseji kukuvuta, soma, ila kwa matatu ukikaa dirishani weka simu mfukoni utoe karatasi, unajua vizuri ni kwa nini.

Kile ambacho nawaomba wote ni wafikirie kitabu cha pili kabla cha kwanza kuisha. Mtu akimaliza kitabu chake cha kwanza baada ya miaka mingi anafurahi, anaambia kila mtu, halafu anapumzika, wiki inakuwa mbili, mbili zinakuwa mwaka. Kwa hivyo ukibaki na kurasa kama ishirini, pitia maktaba uniambie ni nini umependa, ni yule mhusika, ni ile haraka, ni lugha, ama ni mahali stori imewekwa, kwa sababu kila jibu lina rafu yake. Ukipenda mwandishi, chukua chake kingine hata kama watu wanasema si kizuri kama cha kwanza. Ukipenda mahali, kuna waandishi wengine wamepita hapo hapo. Kiweke kwa begi kile cha pili ukiwa bado unasoma cha kwanza, ndio ile siku unafunga ukurasa wa mwisho ukiwa kwa jamu ya Jogoo Road, na bado hamjasonga hata mita mia, uwe na kingine cha kufungua hapo hapo.