Umeme ukikatika, kifaa janja (kinachoendeshwa kwa simu au mtandao) husahau nini hasa? Dhana potofu na ukweli

Umeme umekatika, umerudi. Taa zote zinawaka bila kuwashwa, ratiba ya pampu haikufanya kazi, sensa ya mlango iko kimya. Neno la kwanza linalotoka kinywani ni "mipangilio imefutika", na kosa linaloleta hasara kubwa zaidi hufuata hapo hapo: mtu anafuta vifaa vyote na kuanza kuviunganisha upya.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha vitu vinne. Kuna mipangilio yenyewe: jina la kifaa, nenosiri la Wi-Fi, ratiba. Kuna hali, yaani kilikuwa kimewaka au kimezimwa dakika ile. Kuna saa. Na kuna mawasiliano kati ya kifaa na wenzake. Ni mara chache kinachofutika kiwe hicho cha kwanza. Hivyo vitatu vingine ndivyo hupotea.

Dhana: Kifaa kisipopata umeme kinasahau mipangilio yote

Mipangilio hukaa kwenye kumbukumbu ya flashi, ileile aina inayotunza picha kwenye simu iliyozimwa. Inaweza kukaa miaka bila umeme wowote. Tatizo lake ni jingine: kila sehemu ya flashi huvumilia kufutwa na kuandikwa upya mara kati ya 10,000 na 100,000 tu, kisha inachoka. Kwa hiyo watengenezaji hawaandiki kila badiliko papo hapo. ESPHome, programu huria ya kuendeshea vifaa hivi, kwa mfano, hukusanya mabadiliko na kuyaandika kila baada ya dakika 1 usipoielekeza vinginevyo. Umeme ukikatika ndani ya dakika hiyo, badiliko la mwisho halikuwahi kuandikwa. Kifaa hakikusahau, hakikupata nafasi ya kuandika.

Ukimaliza kupanga kifaa kipya, usikichomoe mara moja ili "kujaribu". Kipe dakika mbili tatu, au kiwashe upya kutoka kwenye programu. Kwenye Tasmota, programu nyingine ya aina hiyo, amri ya `Restart 1` huandika mipangilio kwanza ndipo iwashe upya.

Wanaotumia chipu ya ESP8266 na ESPHome wawe macho na mtego mmoja. Kwa kawaida chipu hiyo hutunza hali ya swichi kwenye kumbukumbu ndogo inayodumu kifaa kikiwashwa upya, lakini inayofutika umeme ukikatika kabisa. Ukijaribu kwa kuwasha upya utaona kila kitu kiko sawa, halafu siku umeme ukikatika kweli hali inapotea. Dawa ni kuandika `restore_from_flash: true` chini ya sehemu ya `esp8266`. Jaribio la kweli ni kuchomoa plagi.

Dhana: Balbu kuwaka yenyewe umeme ukirudi ni ubovu

Ni uamuzi wa mtengenezaji, na una mantiki: balbu inapopata umeme inadhani mtu amebonyeza swichi ya ukutani, na mtu aliyebonyeza swichi anataka mwanga. Kinachokera ni kwamba umeme ukirudi saa 8 usiku, balbu haina njia ya kujua tofauti.

Vifaa vingi vya sasa vinakuruhusu kubadilisha tabia hiyo. Kwenye Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani usiotumia Wi-Fi, kipengele hicho kinaitwa StartUpOnOff, nacho hupokea thamani nne: 0 ni baki umezimwa, 1 ni washa, 2 ni geuza hali iliyokuwepo, na 255 ni rudisha hali ya awali. Tasmota ina `PowerOnState`, ambapo 0 ni zima, 1 ni washa, na 3, ambayo ndiyo inayokuja nayo, ni rudisha hali ya mwisho iliyohifadhiwa. Kwenye programu za simu utaikuta ndani ya mipangilio ya kifaa kimojakimoja, si ya nyumba nzima, kwa hiyo itakubidi upitie balbu moja baada ya nyingine.

Chagua kwa kuangalia kinachoendeshwa. Plagi ya friji iwashe daima. Plagi ya ruta nayo iwashe daima, kwa sababu ikibaki imezimwa hutaweza kuiamuru kwa Wi-Fi ambayo yenyewe imeizima. Taa za chumbani rudisha hali ya awali. Pasi, hita, jiko na chochote chenye joto: zima, bila mjadala. "Rudisha hali ya awali" kwenye pasi maana yake ni kwamba mtu anaweza kuondoka nyumbani wakati wa giza, umeme ukarudi, na pasi ikapata moto peke yake juu ya nguo. Hapa hakuna cha urahisi wa matumizi, ni usalama wa moto.

Dhana: Kifaa kilichorudi hali ya kiwandani kimeharibiwa na kukosa umeme

Mara nyingi kilichokirudisha huko ni umeme unaokatikakatika. Balbu nyingi hazina kitufe, kwa hiyo hurudishwa hali ya kiwandani kwa kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa harakaharaka. Umeme ukirudi, ukakatika, ukarudi tena ndani ya sekunde chache, balbu inahesabu na kudhani ni wewe unayeiamuru. Tasmota hufanya vivyo hivyo: washa na uzime mara sita kwa vipindi vifupi, na mara ya saba kifaa kinafuta mipangilio. Hiyo unaweza kuizima kwa `SetOption65 1`, nasi tungeizima popote umeme usipotulia. Ila ujue umejifungia mlango mmoja wa dharura; weka kwanza nakala ya mipangilio ya kifaa hicho mahali pengine.

Balbu zisizo na chaguo hilo zinalindwa kwa mkono tu. Umeme ukianza kupepesa, zima swichi za ukutani za taa hizo, au zima swichi kuu, usubiri utulie ndipo uwashe.

Dhana: Ratiba ikishapangwa itajiendesha yenyewe

Hapa ndipo matatizo ni mengi zaidi, na karibu yote hulaumiwa kifaa kisicho na hatia.

Kwanza ni saa. Plagi na swichi nyingi hazina betri ya kutunza wakati. Zikiwaka hazijui ni saa ngapi. Nyingi huanza na tarehe 1 Januari 1970 hadi ziulize wakati kwenye mtandao kwa itifaki ya NTP, yaani utaratibu wa kuulizia saa. Umeme ukirudi na intaneti isirudi, ratiba ipo, imeandikwa vizuri, lakini kifaa hakijui ni asubuhi au usiku. Ruta nyingi zinaweza kuwa chanzo cha saa kwa vifaa vya ndani, lakini ruta nayo huhitaji mtandao ili kupata saa sahihi. Suluhisho imara ni kompyuta ya nyumbani yenye saa yake. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa yenye betri. Toleo la 5 inayo, lakini betri unainunua na kuichomeka mwenyewe. Kwa matoleo ya nyuma, moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032 hupotea takriban dakika 1 tu kwa mwaka.

Pili ni mahali ratiba inapokaa. Ikikaa kwenye seva ya kampuni, bila intaneti hakuna amri inayokuja. Jaribu: chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, acha Wi-Fi, uone ratiba ipi inaendelea.

Tatu, tukio lililopitwa halirudiwi. Kama taa za nje ziwake saa 12 na nusu jioni na umeme ukarudi saa 1 usiku, zitabaki giza hadi kesho. Andika kanuni ya ziada inayoanza kituo kikuu (kompyuta au kisanduku kinachoongoza vifaa vyote) kinapowaka: kama sasa ni baada ya jua kuzama na kabla ya saa 12 asubuhi, washa.

Nne, na hii ndiyo ya hatari: mahesabu ya muda hayasalimiki. Kwenye Home Assistant, programu ya kituo kikuu, kusubiri kwa `delay` au `for` hukatika mfumo unapowashwa upya, na hakuendelezwi. Kipima muda, `timer`, huendelea tu ukikiwekea `restore: true`. Hali za vitu vilivyoundwa ndani ya programu hiyo nazo huandikwa kwenye diski kila dakika 15 na wakati wa kuzima kwa utaratibu, hivyo umeme ukikatika ghafla unaweza kurudishiwa hali ya robo saa iliyopita. Sasa fikiria pampu iliyowashwa kwa dakika 20. Umeme unakatika dakika ya 10. Ukirudi, swichi inarudisha hali ya awali, yaani pampu inawaka, lakini kanuni iliyotakiwa kuizima imekufa. Tangi linafurika, au pampu inazunguka kavu mpaka inaungua.

Kikomo cha muda kiwe ndani ya swichi yenyewe. Kwenye Tasmota tumia `PulseTime`: chukua sekunde unazotaka uongeze 100, kwa hiyo dakika 20 ni sekunde 1200, na amri ni `PulseTime 1300`. Ongeza `PowerOnState 0`. Hapo hata kituo kikuu kikifa kabisa, pampu itazimika.

Dhana: Sensa zisipojibu, zifute uziunganishe upya

Usizifute. Ukifuta, mara nyingi unapoteza majina na kanuni zinazozitegemea, na sababu haikuwa hapo.

Katika Zigbee, vifaa vya umeme wa ukutani hupokezana ujumbe, na sensa za betri huning'inia kwenye mojawapo. Umeme ukikatika, sensa zinabaki hai huku waliokuwa wakizibeba wamezima. Ufunguo wa mtandao bado umo ndani yake. Hakikisha kituo kikuu kimewaka, kisha balbu na plagi zote, ndipo usubiri; sensa hulala na huamka kwa vipindi vyake, baadhi baada ya saa kadhaa. Kubonyeza kitufe chake mara moja, bila kukishikilia, huiamsha.

Kwa vya Wi-Fi, tofauti ya kasi ndiyo husumbua: plagi inawaka kwa sekunde chache, ruta inachukua dakika moja hadi tatu. Baadhi ya vifaa hukata tamaa au hufungua mtandao wao wa usanidi. Dakika tano zikipita bila kuungana, zima kifaa hicho na ukiwashe mara moja tu. Ndani ya ruta, kitengee kila kifaa anwani yake ya kudumu. Na ruta ikiungua, mpya ipe jina na nenosiri lilelile la Wi-Fi. Vingi vitarudi vyenyewe.

Wanaotumia MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe kupitia seva, waangalie amri zilizotumwa kwa alama ya kubakizwa (retain). Seva hurudia amri hiyo kila kifaa kinapoungana, hivyo swichi inawaka baada ya kila katizo ingawa `PowerOnState` ni 0. Hali ya kifaa inaweza kubakizwa. Amri, hapana.

Dhana: Ekstensheni yenye kinga inatosha

Kinga hiyo hupunguza umeme unaopanda ghafla, haina betri. Unachohitaji ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme, kwa vitu vichache: ruta, kisanduku cha intaneti na kituo kikuu. Hesabu ni rahisi. Tuseme vitatu hivyo vinatumia wati 8, 5 na 6, jumla ni 19. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7 (ampea-saa) ina Wh 84 (wati-saa). Ukitumia nusu ili isichoke mapema, unabaki na 42, yaani kama saa 2, na pungufu ukipitia inveta. UPS ndogo ya volti 12 inayolisha ruta moja kwa moja hupoteza umeme kidogo kuliko inveta, ila linganisha volti na upande wa chanya na hasi kabla ya kuchomeka.

Kituo kikuu kinastahili zaidi ya betri. Kadi ya SD inayokatwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibu hifadhidata nzima, basi hamishia mfumo kwenye diski ya SSD. Unganisha UPS kwa waya wa USB na programu ya NUT inayofuatilia hali ya UPS ili mashine ijizime kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Nakala rudufu iwekwe nje ya mashine hiyo, na ujaribu kuirejesha angalau mara moja. Kusasisha programu dhibiti siku ya mvua ya radi, acha.

Kisha zima swichi kuu kwa dakika 10 mchana, ukiwa nyumbani. Iwashe, subiri nusu saa, uandike kila kilichokosea: kipi kiliwaka, kipi hakikuungana, saa ipi haikuwa sahihi. Rudia ukiwa umechomoa waya wa intaneti.