Mdomo Unapouma Katikati ya Matibabu ya Saratani

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na mara nyingi hukutana na wagonjwa waliofunika mdomo kwa ncha ya khanga, ambao ukiwauliza hali huitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa hata kumeza mate kumekuwa kazi. Nikimulika kwa tochi naona mashavu kwa ndani na pembeni mwa ulimi pamechubuka na kuwa pekundu. Wengi wamekaa siku kadhaa bila kusema, wakihofia kwamba anayelalamika atasimamishiwa matibabu.

Vidonda hivyo vina sababu inayoeleweka. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, pamoja na mionzi hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na ngozi laini ya kinywa, ambayo hujifanya upya kila baada ya wiki 1 hadi 2, ni miongoni mwa seli hizo. Kwa anayepata kemo, maumivu huanza takriban siku ya 5 hadi ya 10 baada ya dripu, kisha vidonda hupona ndani ya wiki 2 au 3. Kwa anayepigwa mionzi ya kichwa na shingo, huanza wiki ya pili au ya tatu na huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha. Shirika la Afya Duniani huvipima kwa daraja 0 (hakuna kidonda) hadi 4 (hali mbaya zaidi), na swali kubwa katika kipimo hicho ni hili: mgonjwa anakula nini? Aliyeacha ugali akabaki na uji mwepesi na maji amefika daraja la 3, hata kama hajalia.

Kwa usafi, nashauri kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea keki, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Msikoroge magadi ya kuivishia maharage, kwani ni makali. Mgonjwa asukutue kila baada ya saa 2 hadi 4 akiwa macho, ateme, na apige mswaki wenye nywele laini. Dawa za kusukutua zenye spiriti huunguza, ziachwe.

Usafi peke yake hauondoi maumivu makali, na hapa ndipo ninapotofautiana na familia nyingi, ambazo huiogopa mofini, dawa kali ya maumivu. Jeli ya ganzi husaidia kwa muda mfupi, ila mgonjwa asile kabla ganzi haijaisha, asije akajing'ata au kupaliwa. Parasetamoli ikishindwa, daktari huandika mofini ya maji, ambayo hunywewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa ya ukutani, bila kungoja maumivu yarudi. Katika maumivu ya saratani, mofini iliyopimwa vizuri haiharakishi kifo, na hofu ya uraibu isimnyime mgonjwa nafuu. Inachofanya kwa hakika ni kufunga choo, kwa hiyo iandikwe pamoja na dawa ya kulainisha choo. Aspirini na ibuprofeni zisitumiwe bila kumwuliza daktari, maana kemo hupunguza chembe za kugandisha damu.

Utando mweupe unaokwanguka kama maziwa yaliyoganda mara nyingi ni fangasi, nao una dawa yake. Lakini joto la mwili likifika nyuzi 38, au mgonjwa akishindwa kumeza hata maji, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mseme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo.