Hiari ya mwanadamu na uteule wa Mungu: mvutano uko wapi?

Kuchaguliwa tangu asili ni fundisho kwamba Mungu, kabla hajaumba ulimwengu, alikwisha kuwateua watakaookolewa. Hiari ni uwezo wa mtu kukubali au kukataa mwenyewe, bila kulazimishwa. Biblia inashika yote mawili, wakati mwingine katika sentensi moja. Katika Matendo 2:23 Petro anawaambia watu wa Yerusalemu kwamba Yesu alitolewa kwa kusudi la Mungu, nao wakamwua. Kusudi hilo halikuwaondolea hatia: katika mstari wa 38 anawataka watubu.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye Mungu kujua yajayo. Kwangu hapo si pagumu sana. Boethius, mwanafalsafa wa karne ya 6, alieleza kwamba Mungu hafungwi na wakati. Huona yote kwa pamoja, kama aliye kileleni anavyowaona wapitao bondeni. Kumwona mtu akitembea si kumsukuma.

Ugumu wenyewe uko kwenye neema, yaani msaada ambao Mungu humpa mtu bure. Imani inapozaliwa moyoni, nani ameanza? Pelagius, mwalimu wa Kikristo wa zama hizo za kale, alifundisha kwamba mtu anaweza kutii kwa nguvu zake mwenyewe. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, akapinga kwa nguvu zote: dhambi ya Adamu imeujeruhi utashi, hata ile hamu tu ya kumtafuta Mungu ni zawadi yake. Kanisa lilimkataa Pelagius huko Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 418. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Orange, Ufaransa ya leo, wa mwaka 529 ukathibitisha kwamba neema hutangulia, lakini ukalaani vikali wazo kwamba Mungu amewapangia watu uovu. Tahadhari hiyo husahaulika mno.

Baadaye Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, alisisitiza kuwa uteule hautegemei chochote ambacho Mungu alikiona mbele ndani ya mtu. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, wakajibu mwaka 1610: Mungu aliwateua wale aliojua wataamini, na neema yaweza kukataliwa. Sinodi ya Dordrecht (1618–1619), mkutano wa kanisa la Kiprotestanti huko Uholanzi, ikawakatalia, ingawa karne iliyofuata mhubiri Mwingereza John Wesley na Wamethodisti wake walihubiri msimamo unaofanana na huo.

Kwa Wakatoliki, Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya kitawa, walivutana vikali juu ya jambo hilihili. Mwaka 1607 Papa Paulo V alifunga mjadala bila kuupa upande wowote ushindi, akakataza mmoja kumlaani mwenzake.