Kumwaibisha mtu mnene hakumpunguzi uzito

Habari ya unene ikirushwa kwenye televisheni, picha huwa ni ileile: tumbo linatembea barabarani, kichwa kimekatwa. Kisha sauti inasema "kula kidogo, fanya mazoezi," kana kwamba mwenye tumbo hilo hajawahi kuambiwa. Ameambiwa tangu utotoni, mara nyingi kwa kicheko.

Imani iliyo nyuma ya picha hiyo ni kwamba unene ni uzembe, na aibu ndiyo dawa. Si kweli. Chakula na mazoezi vina nafasi yake, lakini mwili nao hujilinda. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya watu 14 waliokuwa wamepungua sana katika shindano la televisheni. Miaka 6 baada ya shindano, miili yao ilipopumzika ilichoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa, na 13 kati yao walikuwa wamerudisha kilo, wengine nyingi mno. Kalori 500 ni mlo mzima! Ni utashi gani utakaoshindana na hilo kila siku, miaka nenda miaka rudi?

Na aibu je? Uingereza, watu karibu 3,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walifuatiliwa kwa miaka 4. Waliosema wamebaguliwa kwa uzito wao waliongezeka karibu kilo 1, wenzao wakapungua kidogo. Sishangai. Anayezomewa akikimbia kesho hatoki, na aliyekwenda kutibiwa goti akaishia kukaripiwa kuhusu kilo zake hubaki nyumbani na maumivu yake.