Wapuritani hawakujitenga

Mpuritani ni Mprotestanti wa Uingereza, wa karne ya 16 na ya 17, aliyeona kanisa la taifa limeachana na Kanisa Katoliki la Roma nusunusu tu. Alitaka masalia yafagiliwe: kanzu nyeupe ya kasisi, ishara ya msalaba kwenye ubatizo, kupiga magoti wakati wa ushirika. Jina lilianza kama tusi miaka ya 1560. Hayo yanatosha.

Kinachonikera ni habari inayorudi kila Novemba, Wamarekani wakila bata mzinga wao wa Sikukuu ya Shukrani, kwamba Wapuritani walijitenga na Kanisa la Uingereza wakapanda meli ya Mayflower kwenda Amerika. Mpuritani hakujitenga. Alibaki ndani, akahubiri parokiani mwake, akagoma kuvaa kanzu. Thomas Cartwright alinyang'anywa uprofesa Cambridge mwaka 1570 kwa kuupinga uaskofu, lakini akaandika pia kuwapinga waliotoka kanisani.

Hao waliotoka ni watu wengine. Mwaka 1582 mhubiri Robert Browne alichapisha kitabu akisema matengenezo yasimsubiri mtu yeyote, hata serikali. Kwake, kanisa ambalo kijiji kizima kimo kwa sababu sheria imekilazimisha halikuwa kanisa. Malkia Elizabeth I, aliyekuwa gavana mkuu wa kanisa hilohilo, angelisikiaje neno hilo ila kama uasi? Ndiyo maana adhabu hazikulingana. Mpuritani kwa kawaida alisimamishwa kazi au kuhojiwa na tume. Henry Barrow na John Greenwood, waliojitenga, walinyongwa Aprili 1593. Si kwamba Mpuritani alipona daima: William Prynne, mwanasheria, alikatwa masikio mwaka 1634, na mwaka 1637 wakamalizia vipande vilivyobaki.

Kiini cha abiria wa Mayflower, mwaka 1620, kilikuwa kundi lililojitenga huko Scrooby, kijiji cha Uingereza, likaishi Leiden, Uholanzi, miaka kadhaa kabla ya safari. Wapuritani walivuka bahari kwa wingi kuanzia 1630, wakiongozwa na John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, nao waliacha waraka wa kuaga ulioliita Kanisa la Uingereza mama yao mpendwa. Nakubali, wote walikuwa Wakalvini, yaani wafuasi wa mafundisho ya John Calvin, na huko Amerika tofauti zao zilififia upesi. Ila ukizungumzia Mayflower, sema Waliojitenga. Wapuritani waachie Winthrop na Boston yake.