Kopo la oili si pambo la boneti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mambrui aliniletea Subaru Forester ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), moshi wa buluu unamfuata njia nzima. Alishaambiwa tabo imekufa. Nilipofungua boneti nikakuta kopo jipya la kunasa oili, linang'aa kama sufuria ya harusi, limeungwa kwa mipira myembamba kama kidole cha mwisho. Tabo yake ilikuwa nzima.

Injini yoyote hupenyeza gesi kidogo kwenye ringi za pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gesi hiyo hubeba ukungu wa oili na lazima itoke. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, hupita kwenye vavu ya PCV (ya kutolea gesi hiyo) na kuingia manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa. Tabo ikianza kusukuma, vavu hujifunga, gesi ikashika njia ya pili: mpira wa tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, unaokwenda kwenye bomba la hewa, kabla ya tabo. Kopo hukaa katikati ya njia hiyo, linase ukungu wa oili. Sasa, oili inayolainisha tabo kwa kawaida hurudi sampu kwa kuteremka tu, haivutwi na pampu. Bana njia ya gesi kwa mipira myembamba, sampu ijae presha, ile oili ikose pa kushukia, itapenya sili za tabo na kuungua. Nilimwekea nepo pana (vidomo vya kuungia mpira) na mipira ya milimita 19. Kufika Kilifi, moshi ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo ukinunua kopo, lifungue. Likiwa tupu ndani, rudisha. Lazima kuwe na vizuizi au wavu wa chuma ambao ukungu utagonga, ushikane, udondoke. Mpira uwe wa kustahimili oili. Wa maji huvimba na kulegea. Klipu nunua za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma. Lifunge mbali na tabo, mpira usining'inie mahali oili ikatuama.

Anayefaidi hasa ni mwenye injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama FA20 ya tabo ya Subaru. Humo petroli haioshi vavu za kuingizia hewa, na masizi hugandia. Injini za zamani faida yake ni ndogo. Gari la kwendea sokoni sikushauri utoe pesa.

Ukikuta uji mweupe kama kasimile ndani ya kopo, usikimbilie kubadilisha gasketi ya hedi. Tazama kijiti cha oili na maji ya rejeta kwanza. Vikiwa safi, huo ni mvuke wa injini uliopoa: gari linazunguka Shela na sokoni tu, halipati moto wa kutosha. Lakini kopo likijaa oili tupu ndani ya kilomita 1,000, pima kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda. Huenda ringi zimechoka.

La kijana wa Mambrui nilimimina jana: vijiko viwili, nyeusi. Nikaitia kwenye dumu la oili chafu.