Jeni zinazojenga utando wa bakteria kwenye meno

Utando wa bakteria ni mkusanyiko wa vijidudu walioshikamana juu ya kitu fulani, wakazungukwa na ute mzito wanaoutengeneza wenyewe. Uchafu laini unaoganda kwenye meno kabla ya kupiga mswaki ni utando wa namna hiyo. Ndani yake huishi spishi nyingi, lakini inayohusishwa zaidi na kuoza kwa meno ni Streptococcus mutans, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na J. Kilian Clarke, London.

Bakteria huyu hula sukari na kutoa asidi ya laktiki, na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) juu ya jino ikishuka hadi karibu 5.5, madini ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Mate huweza kuizimua asidi, lakini utando huizuia palepale kwenye jino yasiifikie kwa urahisi. Kwa hiyo kuujua utando unavyojengwa kuna uzito sawa na kuijua asidi yenyewe, na hapo ndipo utafiti wa jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kurithiwa, unapoingia.

Mwaka 2002 ilichapishwa jenomu nzima (DNA yote) ya aina ya bakteria huyu iitwayo UA159, yenye jozi za besi, yaani "herufi" za DNA, zipatazo milioni 2 na jeni zisizofika 2,000. Kati ya hizo, tatu zimechunguzwa sana: gtfB, gtfC na gtfD. Kila moja hutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kinachoikata sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya chai yetu na ya miwa inayouzwa vipandevipande kwenye mikokoteni ya Nairobi, na kuziunganisha glukosi zake, yaani sukari ndogo zilizomo ndani yake, kuwa nyuzi ndefu ziitwazo glukani. Glukani ya gtfB haiyeyuki katika maji na hunata sana, ya gtfD huyeyuka, na gtfC hutoa za aina zote mbili. Glukosi peke yake humlisha bakteria na kumwezesha kutoa asidi, lakini vimeng'enya hivi haviwezi kuitumia kutengeneza glukani. Sukrosi ndiyo inayompa chakula na gundi kwa pamoja, na kwa maoni yangu jambo hili linastahili kuelezwa kila mzazi anayemtilia mtoto sukari kwenye uji.

Kazi ya jeni hutambuliwa kwa kuiharibu. Kwa kuwa S. mutans anaweza kupokea DNA kutoka nje, mtafiti humpa kipande ambacho mahali pa jeni inayochunguzwa pamewekwa jeni ya kuhimili dawa ya antibiotiki, kisha humkuza penye dawa hiyo ili wabaki waliobadilika tu. Hao hukuzwa katika vishimo vya sahani ya plastiki pamoja na sukrosi, wasioshikamana husuuzwa, na utando uliobaki hutiwa rangi ya zambarau na kupimwa. Mtafiti makini huirudisha jeni aliyoiondoa na kuona kama utando unarejea, la sivyo hawezi kuwa na hakika kwamba upungufu ulitokana na jeni hiyo.

Zipo pia jeni zinazosimamia nyingine. Kupitia comC, bakteria hutoa peptidi ndogo (kipande kifupi cha protini) inayowajulisha wenzake kwamba wamekuwa wengi, na ikiharibiwa, utando hupoteza umbo lake la kawaida. Jeni ya vicR, inayohusika na kuziamuru jeni za gtf, haiwezi kuondolewa kabisa kwa sababu bakteria hawezi kuishi bila hiyo.

Katika majaribio ya panya, bakteria walioharibiwa jeni za gtf walisababisha uozo mdogo sana kwenye pande laini za meno. Kwenye mifereji ya magego tofauti ilikuwa ndogo zaidi, pengine kwa sababu vijidudu na mabaki ya chakula hunasa humo hata bila gundi, na hivyo dawa itakayozuia vimeng'enya hivi haitarajiwi kuyalinda magego kama inavyoweza kulinda pande laini.